Vita vya Nyandarua: Tusihesabu Ndege Pekee

Tulipokuwa tukirudia mada ya Hali ya Hatari katika kidato cha tatu, mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa Mwingereza alikuwa na ndege za kuangusha mabomu, ilikuwaje akamaliza miaka minne akimsaka mtu mmoja aliyevaa ngozi ya chui?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilitambua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikilifundisha somo hilo kana kwamba jawabu lake linajulikana na wote.

Wanajeshi wana kanuni yao ya zamani. Askari wa miguu akiachwa peke yake hufagiliwa na risasi. Mzinga peke yake ni kipofu. Ndege hupiga ikaenda zake, wala haiwezi kuushika mlima hata kwa usiku mmoja. Kwa hiyo jeshi huunganishwa, kila kikosi kikiuziba udhaifu wa mwenzake. Watu wa kwetu waliijua kanuni hiyo kabla ya mwaka 1952. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katikati ya mvua za masika ya Asia, iliangushiwa chakula na risasi kutoka angani, nao wahandisi wakatandika daraja juu ya mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Desemba. Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China na kuwaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, alitumika katika Keya huko huko Burma. Tusistaajabu basi kwamba msituni alipanga watu wake kwa makundi, vyeo na matarishi.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika muda usiozidi miaka miwili, nchi iliyo kati ya Nyandarua na Mlima Kenya ilijaa vikosi vya kila namna: batalioni za Waingereza kutoka ng'ambo, Keya kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, walowezi vijana wa Kenya Regiment, polisi, na homugadi. Brigedi ya 70, ambayo ndiyo iliyokusanya Keya, ilikuwa na makao yake hapa Nyeri. Huko Mweiga, mwendo mfupi kutoka mjini, ndege ndogo aina ya Harvard zilikuwa zikiruka kutoka kiwanja kilichotazamana na milima ya Nyandarua. Tangu Novemba 1953 zilikuja ndege kubwa aina ya Lincoln, zenye uwezo wa kubeba mabomu ya ratili elfu moja.

Je, ndege hizo zilifanya nini? Yeyote aliyewahi kutembea katika mianzi ya Nyandarua atajibu bila kusoma kitabu. Ukungu hushuka saa tano za asubuhi, na mtu aliye hatua kumi mbele yako humwoni. Mabomu yaliua tembo na nyati, yakawajeruhi wengine, na wanyama hao waliojeruhiwa wakawa hatari kwa doria za askari wenyewe. Sisemi kwamba wapiganaji hawakuuawa kwa mabomu, waliuawa. Lakini Lincoln ziliondolewa mwaka 1955 ilhali Kimathi bado yu msituni. Mapema mwaka huo huo zilifanywa operesheni mbili kubwa, ile ya Nyundo katika Nyandarua na ile ya Zumari katika Mlima Kenya, askari wakichana msitu kwa safu kama watu wanaotafuta sindano katika majani makavu. Mavuno yalikuwa haba mno yakilinganishwa na jasho lililomwagika.

Hapa ningependa kutua kidogo juu ya jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita mbio. Jenerali China alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, kisha akakubali kuwaandikia wenzake ili pawe na mazungumzo. Tarehe 30 Machi wajumbe wa msituni walikutana na wakuu wa serikali hapa hapa Nyeri. Yamkini vita vingeweza kufupishwa. Mnamo tarehe 7 Aprili, wakati wapiganaji walipokuwa wakikusanyika kuzungumzia kujisalimisha, kikosi cha Keya kililishambulia kundi moja mahali paitwapo Gathuini na kuua watu zaidi ya 20. Waliosalia wakarudi msituni, na mazungumzo yakafa palepale. Mkono mmoja wa jeshi ulikuwa umenyoosha karatasi, mkono wa pili ukapiga risasi. Ni askari wangapi, na ni wakulima wangapi wa Mathira na Tetu, waliokufa baada ya siku hiyo ambao wangalizeeka nyumbani kwao?

Kuna suala la lugha pia, na hapa walimu wenzangu wa Kiswahili wataniwia radhi. Mganda, Mtanganyika, Mkamba na afisa wa Kiingereza waliamrishana kwa Kikeya, Kiswahili kile kisicho na ngeli ambacho sisi tungekipiga kalamu nyekundu tangu mstari wa kwanza. Bila Kikeya, Brigedi ya 70 isingeweza hata kuvuka barabara. Lakini Kikeya kiliishia mlangoni pa kambi. Vijijini watu walizungumza Kikuyu, na habari za nani amepeleka unga msituni usiku zilisemwa kwa Kikuyu. Ndiyo maana vijana wa Kenya Regiment waliokulia mashambani waligawiwa vikosi kama maafisa wa upelelezi, na ndiyo maana Ian Henderson, aliyekulia pande hizi na kukisema Kikuyu kama mwenyeji, aliwadhuru wapiganaji kuliko ndege zote za Mweiga. Yeye na wenziwe waliwachukua wapiganaji waliotekwa, wakawageuza, wakawarudisha msituni wakiwa na nywele zao ndefu na nguo zao za ngozi kuwawinda ndugu zao wa jana.

Silaha nyingine ilikuwa jembe. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, zaidi ya watu milioni moja waling'olewa katika maboma yao na kusukumwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mnara wa ulinzi na seng'enge. Kina mama walilazimishwa kuchimba handaki la maili 50 hivi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, wakalijaza miti iliyochongwa ncha, ili chakula kisipite. Handaki hilo halimo katika orodha ya silaha ambayo wanafunzi hukariri. Wala waliolichimba hawamo katika orodha ya vikosi, ingawa bila mikono yao mzingiro usingalikamilika.

Halafu wako homugadi, ambao walipita 20,000 mwaka 1954. Hapa ndipo chaki huwa nzito mkononi. Wengine walijiunga kwa imani yao ya Kikristo, wengine kwa sababu ya shamba, wengine baada ya kuuawa kwa jamaa zao, wengine kwa kuwa chifu hakuwaachia njia nyingine. Wako waliolinda majirani, na wako waliopora na kuua. Kila ninapoitaja mada hii huona vichwa viwili vitatu vikiinama, nami hujua kwamba katika dawati moja huenda ameketi mjukuu wa aliyekuwa mnarani pamoja na mjukuu wa aliyekuwa handakini. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamishi 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 na ikaeleza masikitiko yake kwa mateso yaliyofanyika. London imekwisha kusema neno lake. Sisi katika madarasa yetu ya Nyeri, Karatina na Nanyuki bado twanong'ona.

Basi nilimjibuje yule kijana? Nilimwambia kwamba Kimathi hakukamatwa na ndege. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, askari polisi wa kikabila aitwaye Ndirangu, mwenyeji wa Nyeri kama yeye, alimpiga risasi ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, naye akachukuliwa kwa machela. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kijana akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali la pili: huyo Ndirangu aliishi wapi baadaye, na majirani walimsalimiaje? Kengele ikalia kabla sijajibu. Niliwapa kazi ya wikendi: kila mmoja aende kwa mzee aliye karibu naye, aulize nani alichimba, nani alilinda na nani alipeleka chakula. Jumatatu iliyofuata madaftari 31 yaliletwa mezani kwangu kati ya 44. Wale 13 waliobaki walisema nyumbani hawakuruhusiwa kuandika.