Usisimame Chini ya Mzigo Unaoning'inia

Siku moja nilikwenda kuwatembelea wanakisomo wangu kwenye machimbo madogo ya dhahabu, mkoani Geita. Nilifika kwenye duara moja wakati wa mchana. Watu wawili walikuwa wanazungusha winchi ya mkono. Juu ya mdomo wa shimo palikuwa na miti mitatu iliyofungwa pamoja, na kwenye miti hiyo palikuwa na kapi. Ndoo ya mawe ilikuwa imeshapanda. Inaning'inia.

Mimi nikasogea, nikainama ili nichungulie chini. Kichwa changu kikawa chini ya ile ndoo.

"Mwalimu, toka hapo!" Mzee mmoja alinifokea kwa sauti kubwa. Nikaruka nyuma.

Ndoo haikuanguka siku ile. Yule mzee akaniambia, "Mwalimu, wewe ulinifundisha kusoma. Leo na mimi nakufundisha. Hapo sisi hatusimami."

Niliona aibu, lakini nilishukuru. Baadaye, tukinywa chai, mzee alinieleza sababu. Mdogo wake alikuwa anajaza ndoo chini ya shimo jingine. Ndoo ikapanda mpaka karibu na juu, ikagonga ukingo, ikachomoka kwenye kulabu. Mdogo wake alikuwa amesimama pale pale chini. Hakutoka mzima. "Kulabu ile haikuwa na ulimi," mzee alisema. Ulimi wa kulabu ni kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga mdomo wake ili mzigo usichomoke.

Ndugu zangu, tunajifunza nini hapa?

MZIGO UNAOANGUKA HAUKUPI NAFASI

Debe la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20. Debe hilo hilo likijaa mawe yaliyovunjwa, uzito wake unazidi kilo 30. Mawe na udongo vikilowa, uzito unaongezeka.

Sasa fikiria shimo lenye kina cha meta 20. Ndoo ikikatika juu, inafika chini kwa sekunde 2 tu. Ikifika chini, mwendo wake ni kama kilometa 70 kwa saa. Huo ni mwendo wa basi kwenye barabara kuu. Kabla mwenzako wa juu hajamaliza kusema "Jihadhari!", ndoo imeshafika.

Jiwe dogo kama ngumi linaanguka kwa mwendo huo huo. Kofia ngumu inasaidia kwa vijiwe vidogo, kwa hiyo ivae siku zote. Lakini kofia haizuii ndoo ya kilo 30. Kinga ya kweli ni moja: usiwepo pale mzigo unapoweza kuangukia.

KWA NINI MIZIGO INAANGUKA?

Watu wengine husema, "Ni bahati mbaya." Hapana. Ukichunguza vizuri utakuta sababu.

Kamba. Kamba ya katani ikikaa kwenye maji inaoza. Ipanue nyuzi zake kidogo utazame ndani. Ukikuta unga, weusi au harufu ya uvundo, kamba hiyo imekwisha. Kamba ya nailoni inaharibiwa na jua kali na inaungua ikisuguana na mawe. Kamba ya waya hukatika uzi mmoja mmoja kabla ya kukatika yote. Usiipapase kwa mkono mtupu, maana nyuzi zilizokatika zinachoma. Tumia kitambaa. Kitambaa kikinasa, simama utazame. Na usiunge kamba iliyokatika kwa kufunga fundo. Fundo laweza kupunguza nguvu ya kamba kwa karibu nusu.

Kulabu. Kulabu isiyo na ulimi, au iliyofunguka mdomo kwa kuzidiwa na uzito, itupe. Usiipige nyundo ili irudi. Chuma kilichokwisha kupinda hakina tena nguvu yake ya kwanza.

Kujaza kupita kiasi. Ndoo ikijaa mpaka juu, jiwe la juu litaanguka ndoo inapoyumba. Acha vidole vinne kutoka ukingo wa ndoo. Mawe makubwa yakae chini, siyo juu.

Winchi. Winchi ya mkono lazima iwe na meno ya kuzuia isirudi nyuma, na breki. Bila hivyo, mikono ikichoka mzigo unashuka kwa kasi. Mpini nao unazunguka na kuvunja mkono wa anayeushika. Hata ndoo ikiwa chini kabisa, mizunguko isiyopungua mitatu ya kamba lazima ibaki kwenye gogo la winchi.

Kutoelewana. Wa chini anasema "Bado," wa juu anasikia "Vuta."

KAMBA MBILI SI LAZIMA ZIGAWANE UZITO SAWASAWA

Siku nyingine tunashusha pampu ya maji au mashine. Tunaifunga kwa kamba mbili, na tunadhani kila kamba inabeba nusu. Si hivyo kila mara.

Jaribu mwenyewe. Wewe na jirani yako shikeni ndoo ya maji pamoja, kila mmoja kwa kamba yake. Mkisimama karibu karibu, ni rahisi. Sasa kila mmoja arudi nyuma hatua mbili, na ndoo ibaki hewani katikati. Mtaona mikono inavutwa sana. Maji hayakuongezeka, lakini kazi imeongezeka.

Kamba nazo ni hivyo hivyo. Mzigo wa kilo 100 ukifungwa kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila kamba inabeba kilo 50. Kamba zikitanuka sana kama paa lililolala, kila moja yaweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo 100 au zaidi. Kwa hiyo funga kwa kamba ndefu, ili zikutane juu zaidi na zisitanuke.

SOMA NAMBA

Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo chako kinapokuokoa. Tazama kwenye kulabu, kwenye winchi au kwenye cheni ya kunyanyulia. Mara nyingi utakuta herufi SWL au WLL, kisha namba. Kwa mfano: SWL 500 kg. Maana yake ni kwamba chombo hicho kisibebe zaidi ya kilo 500. Ukiona 1 T, maana yake ni tani 1, yaani kilo 1,000.

Ukiwa na vyombo vitatu, fuata namba iliyo ndogo kuliko zote. Winchi ya kilo 500 yenye kulabu ya kilo 250 ni winchi ya kilo 250. Chombo kisicho na namba usikikadirie kwa macho. Kipeleke kwa fundi anayejua, au kiache.

TUFANYE NINI?

1. Kila asubuhi, kabla ya kazi, mtu mmoja aliyechaguliwa akague kamba, kulabu, kapi, miti na breki. Akisema hapana, kazi isianze.

2. Anayejaza ndoo chini ya shimo awe na mahali pa kujificha. Chimbeni kimbilio pembeni, au aingie kwenye njia ya pembeni. Akishafunga ndoo, aingie humo kwanza, ndipo atoe ishara ya kuvuta. Asitoke mpaka ndoo nyingine imefika chini na kutulia.

3. Wekeni mlango wa mbao kwenye mdomo wa shimo. Ndoo ikifika juu, fungeni mlango kwanza, kisha ifungueni ndoo. Kitu kikiponyoka mkononi kitaangukia mbao, siyo mtu.

4. Inueni ukingo wa shimo kwa mbao au viroba vya mchanga, ili mawe yasibingirike ndani. Mawe yaliyotolewa yawekwe mbali na mdomo.

5. Kubalianeni ishara za kamba. Kwa mfano: mvuto 1 ni simama, mvuto 2 ni vuta, mvuto 3 ni shusha. Ziandikeni kwenye ubao penye winchi. Mtu mmoja tu atoe ishara ya kuvuta. Lakini ishara ya SIMAMA yeyote aweza kuitoa, hata kijana aliyeanza kazi leo, na lazima itiiwe.

6. Mtu asipande pamoja na mawe.

7. Usiache mzigo ukining'inia huku watu wanakwenda kula. Ushushe kwanza.

Wale wanaopata kazi katika migodi mikubwa watakuta kreni. Vyombo ni vikubwa, lakini kanuni ni ile ile. Mzigo hauongozwi kwa mkono wala kwa bega. Unaongozwa kwa kamba ndefu, na wewe ukiwa mbali. Eneo lote ambalo mzigo unapita juu yake lizungushiwe kamba, watu wasipite.

HARAKA NA MGAO

Najua mtaniuliza, "Mwalimu, tukikagua kila asubuhi, viroba vyetu vitatimia saa ngapi?" Ni swali la haki. Machimboni wengi hawalipwi kwa siku. Wanangoja mgao wa viroba, na nyumbani watoto wanangoja pia. Basi tupige hesabu. Kukagua kunachukua dakika 10. Ajali inasimamisha kazi kwa siku nyingi, nayo humwacha mjane asiye na mgao wowote.

Mzigo huu si wa wachimbaji peke yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Mwenye leseni na mwenye duara wanunue kamba nzima na kulabu zenye ulimi. Wakikataa, wachimbaji wakae pamoja waseme kwa sauti moja. Kisha wapeleke habari kwenye ofisi ya Afisa Madini Mkazi au kwa wakaguzi wa OSHA.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Yule mzee alinifokea mbele ya watu, na mimi ni mwalimu wake. Hakuniogopa wala hakunionea haya. Nawe ukimwona mtu amesimama chini ya mzigo, awe mwenye duara, awe mgeni, awe mwalimu, usimwonee haya. Mfokee atoke. Atakushukuru baadaye.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu tatu zinazofanya mzigo uanguke.
2. Kwa nini anayejaza ndoo aingie kwenye kimbilio kabla ya kutoa ishara, siyo baadaye?
3. Winchi imeandikwa SWL 300 kg. Kulabu imeandikwa SWL 200 kg. Mnaweza kuvuta mzigo wa kilo ngapi?
4. Katika machimbo ya kijijini kwenu, nani anakagua kamba? Kama hakuna, mtamchagua nani, na lini?