Kompyuta Iliyodanganywa na Waya

Juma lililopita nilikuwa Narok, Kenya, katika shamba kubwa la ngano. Nilikuta trekta limesimama, dereva na fundi wameinama nyuma yake. Magugu hayakufa, ingawa kompyuta ndogo iliyo mbele ya dereva ilisema kila hekta imepata lita 200 za dawa, kama ilivyotakiwa.

Je, kompyuta ilisema uongo? La, ilikuwa imedanganywa.

Mkono wa kunyunyizia dawa una upana wa mita 12, nao umegawanywa vipande vitatu vya mita 4, kila kimoja na vali yake na swichi yake. Kila swichi ina pia waya mwembamba wa kuiarifu kompyuta kwamba kipande hicho kimefunguliwa. Kompyuta haioni mahali dawa inapotokea. Hujumlisha mita za vipande ambavyo nyaya zake zina umeme, hutazama mwendo wa trekta, kisha huamua ipite dawa kiasi gani. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, mita 12 zahitaji lita 24 kwa dakika.

Sasa waya mmoja ukikatika, vali huendelea kufunguka, lakini kompyuta huhesabu mita 8 na kupunguza dawa hadi lita 16. Lita hizo 16 ndizo zinazotawanywa mita 12 nzima. Hekta hupata lita 133 tu, na kioo chaonyesha 200! Waya ukibaki na umeme hali kipande kimefungwa, hekta hupata lita 300, na hapo ngano yenyewe yaweza kuungua.

"Mzee, si tununue kompyuta nyingine?" dereva akauliza. Mimi mtu wa mjini nilikuwa na wazo hilo hilo.

Fundi hakujibu. Alibadilishana nyaya mbili nyuma ya kompyuta. Mwanzo kipande cha kushoto ndicho kilichokosekana kwenye hesabu. Sasa kikakosekana cha kati. "Kompyuta ni nzima, kijana wangu. Ugonjwa umehama na waya." Akaufuata waya kwa testa: kwenye swichi volti 12, baada ya plagi sifuri. Ndani ya plagi mlijaa kutu ya kijani.

Mwenye shamba akataka kujua ni hekta ngapi zimeharibika. Lakini kompyuta huhesabu hekta kwa mita zile zile, na hakuna aliyejua waya ulianza kukosa umeme siku gani.