Rumonge: zamu wa ghala asiye na mkataba ni deni

Mfanyabiashara wa Kigoma au Uvira anayeweka mawese na dagaa Rumonge hahepi kuajiri mlinzi, au zamu, kama anavyoitwa Burundi. Wengi hupatana naye kwa mdomo tu.

Sheria haina kima cha chini cha kutegemewa: kilichowekwa mwaka 1988 ni faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na 105 kwingineko, Rumonge ikiwamo. Hazinunui hata mlo. Basi mshahara, saa za usiku na siku ya mapumziko viandikwe kwenye mkataba. Kanuni ya Kazi iliyorekebishwa Novemba 24, 2020 humhusu hata mwajiri mgeni, maadamu kazi inafanyika Burundi.

Kisha zamu aandikishwe INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii. Mchango wa pensheni hutolewa na wote wawili. Wa ajali kazini hutolewa na mwajiri peke yake. Zamu akijeruhiwa na wezi bila kuandikishwa, madai humrudia mwenye ghala.

Mkataba uwe na nakala mbili, na kila malipo yatiwe saini. Mwenye mali akiwa ng'ambo ya ziwa, karatasi hizo ndizo zitakazomsemea.