Vituko vya mbwa wa nyumbani

Mbwa wa nyumbani akitaka kulala hajitupi tu chini. Huzunguka pale pale mara mbili tatu, akaparura sakafu kwa kucha, ndipo ajikunje na kushusha pumzi ndefu kama mzee aliyerudi shamba. Charles Darwin aliitaja tabia hii katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Kwa maoni yake, mbwa aliye juu ya zulia hufanya kana kwamba anakanyaga nyasi na kuchimba kishimo cha kulalia. Nyasi hazipo na saruji haichimbiki, lakini mwili bado unafuata desturi ya porini.

Vituko vingi vinavyowachekesha wenye mbwa vimetoka huko huko. Mbwa aliyeshiba hufukia mfupa bustanini. Aliyelelewa sebuleni huusukumia chini ya mto wa kochi, akapitisha pua juu ya kitambaa kana kwamba anarudishia udongo, kisha huyo akaenda zake ameridhika, ilhali nusu ya mfupa iko nje. Akiokota soksi huitikisa kwa nguvu huku na huku, maana ndivyo jamii yake inavyomuua panya. Hata majani anayotafuna uani si lazima yawe dawa. Wengi husema mbwa akila nyasi tumbo linamuuma, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, waliwahoji wafugaji na kuchapisha matokeo tofauti mwaka 2008: chini ya mbwa 1 kati ya 10 ndio walioonekana wagonjwa kabla ya kula nyasi, na kama 2 tu kati ya 10 ndio waliozoea kutapika baadaye. Waliobaki walikula wakaendelea na mambo yao.

Wizi wa kandambili ni habari nyingine, kwa kuwa hapo binadamu ana mkono wake. Kiatu kinachopendwa ni kile kilichovaliwa sana, kwa sababu kimejaa harufu ya mtu wa nyumba ile, na mbwa huyajua mambo mengi kwa pua kuliko kwa macho. Lakini harufu peke yake haielezi kwa nini mwizi husimama mlangoni na kandambili mdomoni akisubiri aonekane. Anachosubiri ni kukimbizwa. Watoto wakimfukuza uwanja mzima huku wakipiga kelele na kucheka, amelipwa, na kesho atarudia. Hesabu ni hiyo hiyo kwa mbwa anayelalama kando ya meza: aliyewahi kutupiwa kipande cha nyama mara moja ataendelea kujaribu bahati yake siku nyingi.

Kisha kuna uso wa hatia, ambao pengine ndio unaosimuliwa kuliko vituko vyote. Mwenye nyumba anakuta pipa la taka limepinduliwa, na mbwa yuko pembeni, masikio yamelala, macho ya kuibia, mkia umefichwa kati ya miguu. Kila mtu husema: anajua alichofanya. Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa huko New York, alilipima dai hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Mbwa 14 walikatazwa na wenyewe kula kitafunwa, kisha wenyewe wakatoka chumbani. Wengine walikula, wengine hawakupata nafasi, lakini wenyewe hawakuambiwa ukweli kila mara. Ule uso ulijitokeza zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula, na waliosingiziwa ndio walioonekana kuwa na hatia zaidi. Kinachosomeka usoni, basi, ni hofu ya sauti ya mkubwa wake. Watu wataendelea kuiita hatia, na si rahisi kuwalaumu, kwa jinsi uso ule ulivyo.

Uso wenyewe umebadilika tangu mbwa aanze kuishi na watu. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Juliane Kaminski wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, lilionyesha kwamba mbwa wana msuli imara unaoinua upande wa ndani wa nyusi, ambao kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi ni nyuzi chache tu. Nyusi zikiinuka, macho huonekana makubwa na yenye huzuni, kama ya mtoto mdogo, na mkono wa mtu huelekea kwenye sahani bila kujijua.

Mkia nao husema zaidi ya furaha. Mbwa 30 waliochunguzwa nchini Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliuchezesha zaidi upande wa kulia walipomwona mwenye nyumba, na upande wa kushoto walipoonyeshwa mbwa mgeni mwenye ubabe. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba jicho la kawaida hulikosa jambo lenyewe, na kwa hiyo mgeni anayebisha hodi asiuamini mkia kwa kuwa tu unacheza.

Kuhusu maneno, mbwa wengi huishia kwenye machache yenye faida: jina lao, chakula, kutoka, kuoga. Neno la mwisho huwapeleka chini ya kitanda. Wachache hupita mipaka. Chaser, mbwa jike wa mbegu ya Border Collie aliyefundishwa na John Pilley huko Carolina Kusini, Marekani, alijifunza majina ya vitu vya kuchezea 1,022. Mbwa wenye kipaji cha namna hiyo walichunguzwa pia Hungaria, na mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba huinamisha kichwa upande mmoja wanaposikia jina la kitu wanachokijua, mara nyingi zaidi kuliko mbwa wa kawaida.

Watu hupenda kueleza tabia kwa mbegu: huyu ni mkali kwa sababu ni wa aina fulani, yule ni mpole kwa sababu ni wa aina nyingine. Mbegu ina athari yake. Basenji, mbwa wa wawindaji wa Kongo, habweki kama wenzake bali hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama wimbo. Kwa sababu ya ukimya wake, wawindaji walimfunga kengele ya mti shingoni wajue alipo msituni. Labrador mlafi naye ana utetezi: mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya mbwa hao wana kasoro kwenye jeni moja inayohusika na njaa na shibe. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2022, uliotumia majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba mbegu inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Sehemu ya kinachobaki hutokana na malezi ya mapema. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 au zaidi kidogo, mtoto wa mbwa hujifunza nani na nini ni vya kawaida duniani. Aliyeshikwashikwa na watu wa kila umri, akasikia pikipiki, redio na watoto, hukua bila wasiwasi mwingi. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hujua nyuso chache na giza la uani. Huyo ndiye anayebwekea mwamvuli uliofunguliwa, mtu aliyevaa kofia pana, na hata baba mwenye nyumba siku aliponyoa ndevu.