Kabla mashahidi hawajaondoka: Vyumba vilivyoongoza safari za kwanza za anga

Katika ghorofa ya tatu ya Jengo namba 30, kituo cha anga cha Johnson mjini Houston, Marekani, kuna chumba ambacho saa yake imerudishwa hadi Julai 1969. Juu ya meza za mitambo kuna sahani za majivu ya sigara, vikombe vya kahawa, majalada manene na vipokea sauti vya kuvaa kichwani. Skrini zinawaka. Viti havina watu, ila vimeachwa kana kwamba wenyewe wametoka kunyoosha miguu.

Hapa ndipo zilipoongozwa Apollo 11, iliyofikisha binadamu wa kwanza mwezini, na Apollo 13, iliyopasukiwa na tangi la oksijeni njiani mwaka 1970 na wanaanga wake watatu wakarudishwa nyumbani salama. Chumba kiliendelea kutumika hadi enzi za vyombo vya anga vya shuttle, kikastaafishwa mwaka 1992. Mwaka 1985 kilikuwa kimeshatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, cheo cha juu kabisa ambacho ukuta na paa vinaweza kupewa nchini Marekani. Cheo hicho hakikukilinda. Baada ya 1992 watu waliingia na kutoka, wakakalia viti, wakabonyeza vitufe na wengine wakaving'oa kwenda navyo nyumbani. Zulia lilichakaa. Chumba kilichokuwa fahari ya taifa kikageuka mahali pa kupigia picha.

Waliopiga kelele zaidi ni wale waliofanya kazi humo, na mstari wa mbele alikuwa Gene Kranz, kiongozi wa safari aliyekuwa zamu Apollo 11 ilipotua. Fedha zilichelewa, kisha zikaja kutoka pasipotarajiwa. Ukarabati ulihitaji dola milioni 5 za Marekani. Kati ya hizo, milioni 3.5 zilitolewa na Webster, mji mdogo ulio jirani na kituo. Wananchi wa kawaida walichanga kwa mtandao zaidi ya dola 500,000. Meza za mitambo zilifunguliwa, zikasafirishwa hadi kwenye jumba la makumbusho ya anga la Cosmosphere, mjini Hutchinson, Kansas, zikasafishwa na kurudishwa. Mafundi walipekua picha na filamu za zamani, wakawahoji wazee waliokalia viti vile, na nyuma ya kizima moto kilichokuwa ukutani wakakuta kipande cha karatasi ya asili ya ukutani, wakaitengeneza upya kwa mfano wake. Tarehe 28 Juni 2019, wiki tatu kabla ya maadhimisho ya miaka 50 ya kutua mwezini, Kranz alikata utepe.

Kuna watakaouliza kwa nini mamilioni yateketee kwa ajili ya zulia na sahani za majivu. Swali ni halali, na jibu lake limo katika namna chumba chenyewe kilivyofanya kazi.

Meza zile, pamoja na taa zake zote, hazikuwa na kompyuta ndani. Kompyuta zilikuwa ghorofa ya kwanza, mashine kubwa za IBM zilizojaza ukumbi. Tarakimu zilizotoka huko zilichanganywa na picha za vioo zenye majedwali yaliyoandikwa tayari, kamera ya televisheni ikazipiga kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio mtu aliouona kwenye skrini yake. Akitaka nakala ya karatasi, alibonyeza kitufe, na karatasi ikamfikia ndani ya kopo lililosukumwa na hewa kupitia mirija. Kila mtu katika ukumbi ule alikuwa na wataalamu wake katika vyumba vya nyuma, wakimsemesha masikioni. Na katika umati huo wote, ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuzungumza na wanaanga, naye kwa desturi alikuwa mwanaanga mwenyewe, ili sauti inayofika kule juu iwe ya mtu anayeijua hali yao.

Sasa itazame tarehe 20 Julai 1969. Neil Armstrong na Buzz Aldrin wanashuka kuelekea mwezini, na kompyuta yao inatoa tahadhari yenye namba 1202. Armstrong anauliza maana yake. Katika chumba cha nyuma, Jack Garman, kijana wa miaka 24, ana orodha ya tahadhari aliyoiandika kwa mkono baada ya mazoezi yaliyowaumbua kabla ya safari. Anamwambia Steve Bales, mwenye miaka 26, aliyeketi mstari wa mbele: kama tahadhari haidumu, tuendelee. Bales anamwambia Kranz, kisha Charlie Duke, msemaji wa zamu, anaipeleka sauti juu, na chombo kinaendelea kushuka. Yote hayo yalikwisha katika muda wa pumzi chache. Kilipogusa ardhi ya mwezi, saa za Afrika Mashariki zilisoma saa 5:17 usiku.

Unaweza kulisoma tukio hilo kitabuni. Lakini ukiingia chumbani humo unaona kile ambacho kitabu hakiwezi kukuonyesha: jinsi meza ya kiongozi ilivyo karibu na ya msemaji, jinsi mstari wa nyuma ulivyoinuliwa ili uone mabega ya wa mbele, na jinsi ukumbi wenyewe ulivyo mdogo. Mpangilio wa viti ndio uliokuwa mfumo wa maamuzi. Ukivunja chumba ukabakiza meza moja moja makumbusho, umehifadhi samani na kupoteza kikao.

Hilo si tishio la kufikirika, maana limekwisha kutokea. Kabla ya Houston, Wamarekani waliongoza safari zao kutoka Cape Canaveral, Florida, katika jengo lililojulikana kama Kituo cha Uongozi cha Mercury. Humo Christopher Kraft aliibuni kazi ya kiongozi wa safari pasipo mtu wa kumwiga. Safari zote za Mercury ziliongozwa hapo, na za mwanzo za Gemini pia, hadi Gemini 4 ilipohamishia uongozi Houston mwezi Juni 1965. Baadaye jengo likaachwa kwenye upepo wa bahari. Chumvi ikala vyuma, kuta zilikuwa na asbesto, na mwaka 2010 likabomolewa. Meza zake ziliokolewa na kupangwa upya kwenye eneo la wageni la kituo cha anga cha Kennedy. Naielewa hesabu ya waliobomoa, maana asbesto si mchezo. Hata hivyo jengo alimoanzia kazi Kraft halipo tena, na hakuna fedha itakayolirudisha. Kraft mwenyewe alifariki tarehe 22 Julai 2019, siku 24 tu baada ya chumba cha Houston kufunguliwa upya.

Ndani ya chumba kile kilichobomolewa kulikuwa na ramani kubwa ya dunia ukutani, na juu yake mfano mdogo wa chombo uliosogea kufuata safari. Ramani ilionyesha vituo vya kupokea mawasiliano, kwa sababu wakati huo hapakuwa na setilaiti za kurusha sauti kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine. Chombo kiliposhuka chini ya upeo wa kituo kimoja, mwanaanga alikuwa peke yake hadi kituo kinachofuata. Vilikuwa vituo 18, zikiwemo meli mbili, moja Bahari ya Atlantiki na nyingine Bahari ya Hindi. Baada ya Kano, Nigeria, kilifuata kituo kilichotambulika kwa herufi ZZB. Hicho kilikuwa Zanzibar, upande wa Tunguu, kisiwani Unguja.

John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, aliipita Unguja, na Unguja ikazungumza naye. Kila kituo cha aina hiyo kilikuwa chumba kidogo cha uongozi chenye meza zake, waongozaji wake na daktari wa kufuatilia mapigo ya moyo ya msafiri. Kituo cha Zanzibar kilijengwa kwa makubaliano ya mwaka 1960 kati ya Marekani na Uingereza, iliyokuwa ikitawala visiwa wakati huo. Wazanzibari wengi hawakukipenda. Waliandamana wakihofia kwamba ni kituo cha makombora na kwamba kisiwa kingegeuzwa shabaha katika ugomvi wa wakubwa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Watu hawakuwa wameulizwa, na vita baridi ilikuwa imepamba moto. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wafanyakazi wa Kimarekani waliondolewa kisiwani, na mwezi Aprili, mwezi ule ule wa Muungano, serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondolewe. Kikaondolewa, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Wenzetu wa Australia wanaweza kutusaidia kulitazama suala hili la vituo vilivyotoweka. Kituo chao cha Honeysuckle Creek, karibu na Canberra, ndicho kilichopokea picha za Armstrong akikanyaga mwezi. Kilifungwa mwaka 1981 na majengo yake yakabomolewa, ikabaki sakafu ya zege porini. Lakini sahani yake kubwa ya mawimbi ilihamishiwa Tidbinbilla na kutunzwa huko. Pale ambapo jengo limekwenda, bado kuna kifaa, picha, daftari, na juu ya yote kumbukumbu za watu.

Kwa upande wa Zanzibar, kilicho hai zaidi ni kumbukumbu hizo, nazo haziwezi kusubiri mfadhili wa dola milioni 3.5. Aliyekuwa na miaka 20 Glenn alipopita sasa amevuka 80. Idara za kumbukumbu za serikali, vyuo vikuu vyetu na redio zetu zina vifaa vya kutosha kwa kazi hii, na haihitaji hata fundi mmoja wa anga. Nawe msomaji, kama babu au bibi yako alifanya kazi Tunguu, alipeleka mzigo pale au aliandamana kukipinga kituo kile, kaa naye wiki hii, washa kinasa sauti cha simu yako na umwache aseme.