Samaki wa Chini ya Mwimo

Ukiwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukitoka Mkunazini kwenda bandarini Malindi kuwahi boti, macho huwa mbele tu. Unakwepa vespa, unahesabu dakika, begi linakugonga mguu. Mimi nilizuiwa na mkokoteni wa magunia uliokwama kwenye kichochoro cha Kiponda. Pa kupita hapakuwapo. Nikajisogeza barazani, nikakaa, na nilipokaa ndipo nikamwona samaki.

Yuko chini kabisa ya mwimo wa mlango, usawa wa goti. Kichwa kimeelekea juu, mkia unagusa kizingiti cha chini. Magamba yake yamechorwa moja moja, kila gamba nusu duara, na ndani ya kila gamba umo mstari mwembamba ambao kidole huuhisi kabla jicho halijauona. Juu ya kichwa chake linachipua shina, linajisokota, linatoa majani, linachanua yungiyungi, na kupanda hivyo hivyo hadi kizingiti cha juu. Maua yale ya juu bado yana makali ya patasi. Samaki mwenyewe amelainika ubavuni na kuwa mweusi wa kung'aa, kwa migongo na viganja vya watu waliokaa pale kabla yangu.

Habari za milango ya Mji Mkongwe zinajulikana. Mji umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Watembeza wageni watakwambia kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, na njumu za shaba asili yake ni India, zilikowekwa kuzuia ndovu. Sawa. Lakini mimi nilibaki na swali jingine: kwa nini fundi amwage kazi yote ile mahali ambapo mpita njia haoni?

Nililipeleka kwa mzee mmoja mchora milango, mwenye karakana Ng'ambo. Aliomba nisimtaje jina. Hakunijibu, aliniuliza.

"Ulimwona umekaa au umesimama?"

Nimekaa, mzee.

"Basi, mwanangu. Alichorwa kwa aliyekaa."

Akanionyesha kwa vitendo. Mwimo wa mvule ulikuwa umelazwa juu ya vigoda viwili, mchoro wa penseli juu yake. Upande utakaokuwa juu, alisema, anachimba sana na maua anayafanya makubwa, kwa sababu mtu atayaona akiwa mbali, anakuja. Akishuka chini, mkono unapungua nguvu na nakshi inakuwa ndogo. Hapo atakaa mgeni aliyepiga hodi na bado hajajibiwa. Watakaa wanywa kahawa, na watoto waliofukuzwa ndani ili watu wazima wazungumze. "Hao wana muda," alisema. "Ukiwachorea kitu kimoja tu, watakimaliza mara moja. Wape cha kuhesabu."

Kwa magamba hutumia patasi yenye mdomo wa mviringo. Anaisimamisha, anaigonga mara moja kwa nyundo ya mti, nusu duara imetoka. Akilaza mkono kidogo tu gamba linameguka, na mti hauna kifutio. Nilimtazama akifanya safu nzima bila kuinua kichwa. Ni kazi ya subira kubwa, na sikuweza kuitazama bila kuionea uchungu, maana nimeona milango mingi iliyopakwa vanishi tabaka juu ya tabaka hadi magamba yamezama. Yeye hukasirika kabisa. Mlango, anasema, unataka mafuta na kitambaa. Vanishi inajaza mistari, na jua likiipiga inabanduka na kuondoka na nakshi.

Nilipomuuliza kama kweli samaki maana yake ni uzazi, alicheka. Mwalimu wake hakumwambia neno hilo. Alimwambia mwimo huanza kwa samaki. "Watu wa mji huu wanakula samaki kila siku. Labda ni hilo. Labda si hilo." Hakwenda mbele zaidi, nami sikumsukuma.

Kinachomsumbua ni simu. Wateja wa sasa, wengi wao wenye nyumba za wageni, huja na picha na kusema nataka kama huu. Picha imepigwa mtu akiwa wima, na kwenye goti imekatika. Akiwauliza chini kuna nini, hawajui. Wengine humwambia aache ubao mtupu, bei ipungue.

Mlango uliokuwa karakanani siku ile ulikuwa wa namna hiyo. Hata hivyo, alikuwa anautia mwimo wa kulia samaki ambaye hajalipiwa. Wa kushoto, uliosimamishwa ukutani, alikwisha kuumaliza, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Mwenyewe akimwona huyu mmoja akaniuliza mwenzake yuko wapi, nitamchora wa pili bure."

Na asipomwona?

"Mlango ni wake. Mwezi ujao anakuja kuuchukua."