‘Washa’ hii si ya kuwashwa

Juzi nilikuwa kwenye gereji ya jua kali hapa Kwa Vonza, nimeketi nyuma ya usukani wa Peugeot 504 yangu nikisahihisha insha za wanafunzi. Fundi alikuwa ameinamia injini. Ghafla akapaza sauti: “Washa!” Nami, bila kuinua macho, nikazungusha ufunguo. Petroli ikaruka na kumlowesha kifua chote.

Kumbe hakuwa akisema nami. Alikuwa akimwitisha msaidizi wake kile kipete cha shaba kinachozuia mafuta kuvuja kwenye maungio ya bomba.

Namshukuru Mungu injini ilikuwa imelala baridi tangu asubuhi. Kosa lilikuwa langu pia, maana betri ilifaa kufunguliwa kwanza. Gari hili halina kabureta. Lina pampu yenye pistoni nne ndogo, kila moja ikisukuma petroli kuelekea silinda yake, bila kompyuta yoyote. Pampu nyingine, ya umeme, huvuta mafuta kutoka kwenye tangi, na hiyo huanza kazi mara tu ufunguo unapozungushwa. (Ni mfumo wa aina hii uliokuwa kwenye 504 ya Ove Andersson aliposhinda Safari Rally mwaka 1975. Vijana hawaamini.)

Vipuri vyake sasa ni adimu, kwa hiyo fundi hubuni. Msaidizi alipendekeza wakate kipete kutoka kwa tyubu ya baiskeli. Fundi akakataa katakata: “Hiyo ikikunywa petroli itafura, halafu ioze.” Akachukua kile kikuukuu cha shaba, akakichoma hadi kikawa chekundu, akakitumbukiza majini. Chuma cha pua ukikifanyia hivyo huwa kigumu, shaba hulainika. Shaba iliyokandamizwa miaka mingi hukakamaa, na moto huirudishia ulaini wake ili ikae vyema tena. Lakini pistoni za ile pampu hakuzigusa. “Hizo, Mwalimu, hazichongwi hapa.”

Sasa turudi kwa neno lenyewe. Mafundi wamelitohoa kutoka Kiingereza, na sina ugomvi na utohozi. Tatizo ni kwamba umbo walilolipata limeangukia juu ya kitenzi chetu ‘washa’. Shada ni ile ile, silabi ni zile zile. Wenzangu wa isimu wataniambia kwamba muktadha hutofautisha homonimu. Ni kweli kwa ‘paa’: anayeezeka nyumba hatarajii kuletewa swala mdogo. Lakini kwenye gereji, kuwasha gari na kukaza washa ni mambo ya muktadha mmoja, mara nyingi ya dakika moja, na amri ya neno moja haina ngeli wala kiambishi cha kumwokoa msikilizaji.

Baadhi ya mafundi hutamka ‘wosha’. Mimi naliunga mkono umbo hilo: wosha hii, wosha hizi. Nalo limekaribia ‘osha’, najua, ila sijasikia mtu aliyeungua kwa kuosha gari.

Nilimweleza fundi hoja hii huku akikausha shati juani. Akacheka, akakubali. Msaidizi wake bado husema ‘washa’, kwa hiyo siku hizi nikifika pale ufunguo hukaa mfukoni mwangu.